Bakteria Kibogoyo

Mama yangu huwaambia watu kwamba ninapima damu ya migomba. Nimemweleza mara nyingi kwamba mgomba hauna damu, na kwamba ninachopima si mgomba bali kijidudu kinachouua. Anaitikia kwa heshima zote, halafu mgeni akiingia anaanza upya: "Njo uyu mwana wangu wa Bukavu. Anapimaka damu ya migomba." Nimeacha kumsahihisha. Kubishana na mama yangu ni kutwanga maji kwenye kinu, na mimi nina kazi nyingine.

Kazi yenyewe iko Bukavu, mtaa wa Muhumba, kwenye maabara ya chumba kimoja na nusu. Dirisha linatazama ziwa, lakini tumeliziba kwa karatasi nyeusi kwa sababu mwanga unatusumbua tukisoma majibu. Ugonjwa tunaoufuatilia ni mnyauko wa migomba. Kwetu Kabare wengine wanauita sida ya migomba, yaani UKIMWI wa migomba, jina ambalo silipendi, ingawa naelewa lilikotoka. Majani yanageuka njano na kulegea. Ndizi zinaiva kabla ya wakati zikiwa bado ngumu, na ukizipasua ndani zina rangi ya chai ya rangi. Ukikata shina, unatoka usaha wa njano. Dawa hakuna. Unang'oa, unangoja, unapanda tena, kama bado una moyo.

Bakteria wanaoleta mnyauko huo hawafanani wote, hata kama wote wanaua. Sisi tunatafuta ndani yao jeni za ukali, yaani yale maelekezo yanayomwezesha bakteria kuingia kwenye mmea na kuushinda. Kuna jeni za kutengeneza kitu kama sindano, ambayo bakteria huichomeka kwenye mgomba. Kuna nyingine za kutengeneza kile anachokisukuma kwenye sindano hiyo ili mgomba ulale usijitetee. Tulikuwa tunatafuta jeni tano. Nachukua kipande cha mgomba mgonjwa, naotesha bakteria kwenye sahani, natoa DNA yao, naiingiza kwenye mashine ya PCR, ambayo huipasha moto na kuipoza, huipasha na kuipoza, mpaka jeni ninayoitafuta, kama ipo, imezaana vya kutosha kuonekana. Mwishoni naipitisha kwenye jeli na kuwasha taa ya buluu. Jeni ikiwepo unaona mstari unaong'aa. Isipokuwepo, giza. Na pembeni pa sampuli zote naweka daima tundu moja la maji matupu, ambalo halitakiwi kuonyesha kitu. Maji yakionyesha mstari, maana yake umechafua mahali fulani, na kazi yote ya siku hiyo unaitupa.

Ndiyo sababu nina sifa mbaya pale kazini. Mtu akigusa kitasa cha mlango na glavu, nitamsema. Akirudisha kifaa kilichotoka shambani kabla hakijaoshwa kwa javel, ile dawa ya kuua vijidudu, nitamsema mpaka ajute kuzaliwa. Nimewahi kumfukuza mwanafunzi wa uzamili kwa siku tatu kwa sababu ya viatu vyake. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hasira hizo ni usafi.

Karibu kila kilima tulichopima kilitoa mistari mitano. Kilima kimoja tu, upande wa Walungu, ndani kabisa ambako hata pikipiki inakataa mvua ikinyesha, bakteria wake walitoa minne. Mstari wa tatu haukuwepo. Nilirudia mara mbili, nikarudi kule na kuchukua sampuli nyingine, jibu likawa lile lile. Mkuu wetu, tunayemwita Prof ingawa ni mdogo kwangu kwa umri, aliangalia jeli akacheka. "Awa ni vibogoyo," alisema. "Jino moja inakosa." Jina likashika. Hata kwenye daftari langu rasmi niliandika: Kibogoyo. Lakini usidhani kibogoyo ana huruma. Migomba ya kilima kile ilikuwa imekufa sawa na kwingine.

Sasa lazima nieleze jambo la nyumbani, la sivyo yanayofuata hayataeleweka.

Mama ana desturi ambayo sijui kama ni ya Bashi wote, watu wa kabila letu, au ni yake peke yake. Mgeni akiaga, mama humkatia mkungu wa ndizi, huufunga kwa majani, na kumpa akisema: "Usirudie mikono bule." Mtoto wa nyumbani hapewi. Mtoto huchukua panga, huingia shambani mwenyewe, huchagua mkungu wake na kuukata. Akiwa humo ndani huondoa majani makavu kwenye migomba kadhaa, ili asile bure. "Mugeni banamupaka," mama husema, "mutoto anajikatiaka." Kaka zangu wakija kutoka Kinshasa na mashati yao meupe, wanapewa panga kabla hawajakaa. Mimi nimekuwa nikijikatia tangu mkono wangu ulipoweza kuinua panga, na nilipenda kuliko kitu chochote kingine cha kwetu. Shamba lile alilipanda marehemu baba. Ndizi zake zilikuwa za pombe hasa, na kasiksi ya mama ilijulikana mpaka parokia ya pili.

Katika kutengeneza kasiksi, mama alikuwa na mwenzake mmoja, jirani yetu mjane. Mume wake alifia kwenye machimbo ya dhahabu huko Mwenga, mabinti zake wameolewa mbali, na shamba lake linapakana na letu kwa mstari mmoja tu wa miti ya mpaka. Wawili hao walimenya ndizi pamoja, wakakamua pamoja, wakagombana kuhusu maji kiasi gani pamoja. Baba alipofariki, pombe ya matanga yote walitengeneza wao wawili, na sikumwona mama akilia mbele ya mtu mwingine.

Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, mama aliniomba nije nifundishe shirika lao, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wanaokaa karibu na kusali pamoja. Wakaja uani kwetu, labda watu thelathini. Niliwaambia mambo matatu. La kwanza, ua dume la mgomba livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, maana wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua moja hadi jingine. La pili, msichukue machipukizi kwenye shamba lenye ugonjwa. La tatu, panga liingizwe kwenye makaa ya moto kabla ya kuingia shambani na baada ya kutoka, hasa likitoka kwa mtu mwingine. Mama mmoja akauliza: kwenye moto kwa muda gani? Nikatazama mikono yao, hakuna aliyevaa saa. Nikasema: "Muda wa Salamu Maria tatu. Polepole, si zile za kukimbia." Wakacheka. Aliyecheka zaidi ni tonton, mdogo wake baba, ambaye Salamu Maria zake zote ni za kukimbia.

Nilirudi Bukavu nikiwa nimejipongeza. Baadaye nilikuja kujua kwamba kati ya watu wale thelathini, aliyefanya nilivyosema ni mmoja tu, yule mjane.

Mama alinipigia simu asubuhi moja nikiwa najiandaa kutoka nyumbani kwangu Bukavu, mtaa wa Nyalukemba. Hakunisalimia. "Mwana, migomba ya papa yako inalala," alisema. Nikamuuliza mingapi. Akasema aliacha kuhesabu.

Nilipofika nilikuta uani kumejaa watu kama kwenye kilio. Tonton alikuwa amesimama katikati, na kwa kweli sijawahi kumwona mtu akifurahia msiba namna ile. Alikuwa na jibu tayari. Alinishika mkono akanipeleka mpakani, akanionyesha: upande wetu majani yamelala, upande wa mjane migomba imesimama, ya kijani, mizima.

"Angalia," alisema. "Ya kwetu inakufa, ya kwake iko muzima. Na kila asubuhi, mbele ya kuingia mu shamba, anachoma mupanga ku moto na anasemasema peke yake. Batu banamuona. Sasa ile ni nini kama haiko bulozi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilijua vizuri alichokuwa akisemasema.

Haikuwa maneno ya tonton peke yake. Tayari kwa wiki mbili hakuna aliyekuwa amepokea kitu kutoka mkononi mwa mjane yule. Kanisani walimwachia benchi zima. Kwetu, neno la uchawi au la sumu likishatajwa juu ya mwanamke anayekaa peke yake, halirudi mdomoni. Wazee wa kijiji walikuwa wamekubali kwamba Jumapili ya tatu, ile iliyokuwa inakuja, watu wakutane uani kwetu baada ya sala, na kama shirika lote litasema ndiye, aondoke kilimani aende kwa mabinti zake. Shamba lake lingebaki. Sitasema tonton alikuwa analitaka. Nasema tu kwamba alijua idadi ya migomba ya shamba hilo.

Nikamuuliza mama anaamini nini. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni na mikono mapajani, kitu ambacho hafanyi mchana.

"Mi sijuwe," alisema. "Miaka yote tulikunywa naye mu kikombe kimoja. Pima, mwana. Machine yako haina ndugu."

Nilimwahidi, mbele ya watu, kwamba nitaleta jibu kabla ya Jumapili hiyo. Nilisema kwa sauti kubwa, nikimtazama tonton. Nilikuwa na hasira tamu, ile ya mtu anayejua kwamba yuko upande wa haki.

Nikachukua sampuli kwenye migomba kumi na miwili, kila kisu kikipitia kwenye moto na javel. Wakati nakata, mjane alikuja mpakani akasimama upande wake. Nikamkaribisha, akatikisa kichwa.

"Nikivuka batasema nilikuya kuroga machine," alisema. Halafu akasema: "Mi nilifata tu vile ulitufundisha. Salamu Maria tatu. Sasa nasalia ndani ya roho, mudomo isisonge. Lakini mu roho siwezi jua kama niko nakimbia."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, jambo hili nitalimaliza. Alinitazama kama mtu anayetazama wingu akijiuliza kama lina mvua.

Kuotesha bakteria kunachukua siku, na wiki hiyo umeme ulikatika siku moja na nusu. Ijumaa ndipo niliweza kuwasha taa ya buluu. Kwanza nilitazama tundu la maji, kama kawaida. Safi. Halafu sampuli za mama. Mstari wa kwanza, wa pili. Giza. Wa nne, wa tano.

Sampuli zote kumi na mbili zilikuwa vibogoyo.

Nilikaa pale mbele ya ile taa nikiwa na wazo moja tu: nimechafua. Nimechanganya chupa, nimechukua DNA ya zamani ya Walungu nikadhani ni ya mama. Miaka yote nimesali maji yawe safi. Siku hiyo nilifungua chupa mpya ya maji, nikaanza tena tangu kwenye sahani, na nikasali yawe machafu, jeli nzima iharibike, niitupe nianze upya. Jumamosi asubuhi maji yalikuwa safi na mstari wa tatu haukuwepo.

Kati ya kile kilima cha Walungu na shamba la mama kuna vilima vingi, na tulikuwa tumevipima. Vyote mistari mitano. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa na ndugu kule, wala soko, wala sababu yoyote. Mtu mmoja tu alikuwa amekanyaga kilima kile na shamba la baba katika siku moja.

Ilikuwa miezi miwili kabla. Nilikuwa nimetoka kuchukua zile sampuli za pili za vibogoyo, nimelowa, dereva wa pikipiki ananung'unika. Badala ya kwenda moja kwa moja Bukavu nilimwomba tuzunguke kupitia kwa mama, dakika kumi tu. Mama alifurahi. Alitaka nijikatie mkungu, lakini panga lake lilikuwa kwa tonton. Nikasema nina langu kwenye begi. Visu vidogo vya sampuli nilikuwa nimevisafisha kama sheria inavyotaka. Panga lile kubwa la kuangushia shina, javel ilikuwa imeniishia kwenye shamba la mwisho. Moto jikoni ulikuwepo. Juu yake palikuwa na sufuria ya maharage ya mama, na ningelazimika kuiteremsha. Nikachuma jani la mgomba, nikafuta panga pande zote mbili mpaka likang'aa. Nikaingia shambani, nikakata mkungu wangu, na kwa sababu nilikuwa na furaha ya kuwa nyumbani nikaondoa majani kwenye migomba yote ya mstari ule mpaka mwisho. Mama alisimama mlangoni akinisifu. Naona hata sasa namna nilivyokuwa nikifurahi.

Nilimpigia Prof simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitaalamu haiwezekani kuthibitisha. Labda vibogoyo wako sehemu nyingine tusiyoijua, labda ni mdudu, labda ni chipukizi. "Ile haiko preuve," alisema. Yuko sahihi. Mahakamani wasingenifunga. Nilimshukuru, nikakata simu, na kwa saa nzima nilijaribu kuishi ndani ya hiyo "labda" yake.

Kulikuwa na njia rahisi, na nitasema kweli, niliipitia kichwani mara nyingi. Ningeweza kuwaambia: ni bakteria, si uchawi. Hiyo ingekuwa kweli. Lakini nilimjua tonton. Angeuliza hao bakteria wameletwa na nani, na jicho la kila mtu lingerudi kwa mwanamke mwenye panga la moto. Ningeweza kusema nzi wamewaleta. Nzi hawana wa kuwatetea. Lakini mstari ulikuwa pale kwenye picha, au tuseme haukuwa pale, na mimi ndiye niliyewafundisha watu kuogopa panga chafu. Mganga hajigangi, tunasema tukicheka. Sikuwa nimewahi kufikiria upande wa mgonjwa.

Jumapili nilikwenda na ile picha ya jeli, imechapishwa kwenye karatasi kubwa. Walisali, wakaimba, wakakaa. Mjane alikaa kwenye kiti peke yake karibu na ukuta, amevaa kitenge chake cha kanisani, na pembeni yake alikuwa ameweka begi. Alikuja amekwisha kufunga vitu. Lile begi ndilo lililonifungua mdomo, maana mpaka pale sikuwa na uhakika kama nitasema.

Nikasimama. Nikawaonyesha karatasi. "Ii ni migomba ya vilima vyote tulipima," nilisema. "Mistari tano. Ii ni ya fasi moja kule Walungu. Muhesabu." Wakahesabu kwa sauti, kama watoto wa shule: moja, mbili, tatu, ine. "Na ii ni ya hapa, ya shamba la papa." Wakahesabu tena. Ine.

Nikamgeukia mjane. "Maman, ulishafikaka Walungu, kule ndani?"

"Sijafikaka," alisema.

Nikauliza kama yupo mwingine aliyewahi kufika. Hakuna. Nikasema: "Mi njo nilifika. Nilikuya hapa siku ile ile na mupanga yangu. Sikuichoma. Nilipangusa tu na jani."

Ilinichukua muda kumaliza kueleza. Tonton alikuwa wa kwanza kusema, na alisema ninadanganya ili kumkinga mchawi, kwamba mtu aliyesoma hawezi kufanya ujinga wa namna hiyo. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani awe sahihi. Mzee mmoja akamjibu kwamba hakuna anayejisingizia kuua shamba la baba yake, hata mwendawazimu. Watu wakaitikia. Tonton akafikiri kidogo, akaona upepo umegeuka, akageuka nao. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema akinitikisia kichwa, kama vile alijua tangu mwanzo.

Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameinuka. Alipita kati ya watu, akaingia jikoni, nikasikia anasogeza sufuria ambayo najua haikuwa na kitu.

Mjane alikuja mpaka niliposimama. Nilidhani atanishukuru, na nitakiri kwamba sehemu yangu moja ilikuwa ikingoja hilo.

"Siku ile haukusali?" aliniuliza.

Nikasema hapana.

"Ziko tatu tu," alisema. "Tatu tu, mwana wangu." Akachukua begi lake akarudi nalo nyumbani kwake.

Tulilikata shamba la baba wiki hiyo, mgomba kwa mgomba, mimi nikiwa na likizo niliyoiomba bila kusema sababu. Kila mtu aliyekuja kusaidia alipita kwanza kwenye moto na panga lake, na uani kulikuwa na Salamu Maria nyingi kuliko mwezi wa Rozari. Tonton alisimamia moto. Siku hizi anawafundisha watu wa vilima vingine, na ukimsikiliza utadhani jambo lile aligundua yeye. Mama alikata pamoja nasi. Aliniambia leta maji, shika hapa, ondoka pale. Hakunigombeza. Ningelipa chochote anigombeze, maana hasira ninaijua, ninayo nyingi, najua huwa inaisha vipi.

Ardhi ikapumzika miezi inayotakiwa. Mama akapanda tena, machipukizi aliyopewa na mjane kutoka upande wa pili wa mpaka. Wanamenya pamoja na kugombana pamoja tena kuhusu maji. Nimekwenda kumwona mama mara nyingi tangu hapo. Tunazungumza vizuri. Wageni wakija bado anawaambia kwamba ninapima damu ya migomba, na sasa anaongeza kwamba mashine yangu haina ndugu. Ni sifa, nadhani. Anaisema bila kunitazama.

Mikungu ya kwanza ya shamba jipya ilikomaa mwaka huu. Nilikwenda Jumamosi, mikono mitupu, panga langu nimeliacha makusudi Bukavu. Tulikula, tukazungumza habari za kaka zangu na za barabara. Ilipofika saa ya kuondoka nilizunguka nyuma ya mlango wa jikoni, mahali panga la mama linapokaa. Halikuwepo. Nikateremsha sufuria mapema, nikafunua makaa, niwe tayari, nikatoka uani kumuuliza liko wapi.

Alikuwa anatoka shambani, panga kwenye mkono mmoja na mkungu kwenye mkono mwingine. Ulikuwa mkungu mzuri, wa mgomba wa kwanza kabisa. Alikuwa amekwisha kuufunga kwa majani, na kamba ameikaza vizuri, kama anavyofanya siku zote. Akanyoosha mkono.

"Kamata," mama aliniambia. "Usirudie mikono bule."

Nikaupokea kwa mikono miwili, nikamshukuru.